Kebo ya giaboksi ya auto: nikilegeza gia zinawahi, nikikaza zinachelewa. Ipi ni sahihi?

#1 Tairi_Bapa
Habari wakuu. Gari ni Toyota ya kabureta, giaboksi A240L, auto ya gia nne isiyo na kompyuta. Tangu kabureta ibadilishwe, gia zinachelewa kupanda. Nakanyaga kidogo tu, lakini namba mbili inang'ang'ania mpaka injini inalia, na ya tatu inakuja kuingia karibu na kilomita 60 kwa saa. Zamani ilikuwa inaingia kwenye 40 hivi, wala hukuisikia.

Fundi aliyefunga kabureta anasema giaboksi imechoka, ifunguliwe. Wa pili alilegeza ile kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi. Gia zikawa zinaingia mapema, laini kabisa. Wa tatu alipoona akanikaripia kwamba nitaunguza klachi, akairudisha ilipokuwa. Sasa zinachelewa tena.

Hiyo kebo inapanga muda wa gia au ina kazi nyingine? Kila mtu ana jibu lake na wote wanaongea kwa uhakika.

#2 Dereva Mzito
Legeza mkuu, usiteseke. Gari lipande gia mapema, injini ipumzike, mafuta yabaki kwenye tangi. Yangu niliilegeza zamani na bado linatembea. Huyo wa tatu anatafuta sababu ya kukurudisha gereji.

#3 Bi Spana
Usimsikilize wa #2. Kebo hiyo haipangi muda peke yake. Ukikanyaga mafuta, kebo inazungusha kamu ndogo ndani ya giaboksi, kamu inasukuma valvu, na valvu inatoa presha inayolingana na ulivyokanyaga. Presha hiyo ina kazi mbili.

Ya kwanza ni kupambana na gavana, yaani valvu inayotoa presha kulingana na mwendo wa gari. Gavana inaendeshwa na upande wa kutokea wa giaboksi, kwa hiyo gari likiongeza mwendo presha yake inapanda. Ikishinda presha ya kebo pamoja na springi, valvu ya gia inahama na gia inaingia. Hapo ndipo muda unapopatikana.

Ya pili, ambayo wengi wanaisahau, ni kupandisha presha kuu inayobana klachi na bendi (mikanda inayoshika ngoma za ndani ya giaboksi). Injini ikivuta kwa nguvu, klachi zinatakiwa nazo zibanwe kwa nguvu.

Ukilegeza kebo, giaboksi inafanya kazi kana kwamba hujakanyaga wakati umekanyaga. Gia inawahi, sawa, lakini klachi zinabanwa kwa presha ndogo huku zimebeba mzigo mkubwa. Ulaini unaoufurahia ni klachi zinateleza kabla ya kushika.

#4 Mpita Njia
Nimepita tu, ila sitoki.

#5 Dereva Mzito
Bi Spana maneno yako matamu, tatizo gari langu halijayasoma. Linatembea.

#6 Bi Spana
Litatembea hadi siku utakapolipandisha mlima na mzigo. Chomoa stiki ya oili, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, halafu njoo utuambie rangi. Ikiwa ya kahawia iliyokoza na inanuka kuungua, hutanihitaji mimi.

#7 Mzee Kabureta
Mleta uzi ametoa nusu ya jibu mwanzoni kabisa na nyote mmeliruka: "tangu kabureta ibadilishwe". Giaboksi haijaguswa, sasa kwa nini tuanze kuitia hatiani?

Kipimo cha kebo kwenye Toyota za aina hii kinajulikana. Zima injini. Mtu akae ndani akanyage pedali mpaka chini. Wewe angalia kwanza kama kipepeo cha kabureta (kile kibamba kinachofungua njia ya hewa) kimefunguka chote. Kama hakijafunguka, rekebisha waya wa mafuta kabla hujagusa kitu kingine. Halafu njoo kwenye kebo ya giaboksi. Kwenye waya wake kuna kidude cha chuma kilichobanwa, karibu na mdomo wa mpira wa ala (ganda la nje la kebo). Pedali ikiwa chini, nafasi kati ya kidude hicho na mdomo wa mpira iwe 0 hadi 1 mm. Kama siyo, legeza nati mbili za kwenye breketi, sogeza ala, kaza. Hakuna uchawi.

Lakini kipimo hicho kinathibitisha mahali pamoja tu, pedali ikiwa chini. Njia yote ya katikati, kebo inavutwa kulingana na umbo la mkono wa kabureta. Kuna kabureta zenye mkono mfupi, kuna zenye mkono mrefu, na kuna ambazo pini ya kebo imekaa pembe nyingine kabisa. Mkono ukiwahi kuvuta mwanzoni, robo pedali yako inafika kwenye giaboksi kama nusu pedali. Gia zitachelewa kwenye mwendo wa kawaida na ukipima utaambiwa kebo iko sawa.

Wenye giaboksi ya GM 700R4, iliyotoka 1982 na yenye kebo kama hii, wanalijua hili. Wakifunga kabureta ya aina nyingine bila kipande cha kurekebisha mkono, kebo inavuta kwa kadiri isiyo yake na klachi zinaungua.

#8 Tairi_Bapa
Ahsante Mzee. Nimepima hivyo hivyo. Kipepeo kinafunguka chote, na nafasi iko chini ya 1 mm. Yaani kipimo kiko sawa na gia zinachelewa vilevile.

#9 Zebaki
Wakuu mnazunguka mbali. Angalia mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unaokwenda kwenye giaboksi. Watu wakibadilisha kabureta wanausahau au wanauchomeka kwenye tundu lisilo lake. Modyuleta, kile kidude cha kwenye giaboksi kinachosoma vakyumu, ikikosa vakyumu inachukulia umekanyaga mpaka chini, kwa hiyo gia zinachelewa na zikiingia zinapiga teke.

#10 Bi Spana
Ushauri mzuri sana kwa gari la mtu mwingine. A240L haina modyuleta ya vakyumu, kazi hiyo yote inafanywa na kebo.

#11 Zebaki
Basi uzi usiishie kwa mwenye A240L, kuna wasomaji wenye modyuleta. Giaboksi za Ford C4 ya 1964, C6 ya 1966, GM TH400 na TH350, zote zinasoma mzigo wa injini kwa vakyumu. Ukikanyaga, vakyumu inashuka, springi ya ndani inashinda, presha inapanda na gia inachelewa.

Kabla ya kukaza chochote, chomoa mpira pale kwenye modyuleta. Ukikuta ATF (oili ya giaboksi) ndani ya mpira, kiwambo kimetoboka. Injini inaivuta oili ya giaboksi na kuichoma. Utaona moshi kwenye egzosi na oili inapungua bila hata tone kudondoka chini, halafu watu wanakuambia ringi zimekufa. Kama hakuna oili, pima vakyumu hapohapo, siyo kwenye manifoldi. Injini nzima ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), usawa wa bahari, inatakiwa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Ukipata 20 kwenye manifoldi na 12 kwenye modyuleta, mpira umepasuka njiani.

Baadhi ya modyuleta zina skrubu ndani ya kile kibomba cha kuchomekea mpira. Kuiingiza kunaongeza presha, gia zinachelewa na kushika kwa nguvu. Kuitoa kunafanya kinyume chake. Zungusha kidogo, endesha, kisha uamue.

Na kwa wanaoishi milimani: kila mita 300 unazopanda, vakyumu ya injini inashuka karibu inchi moja. Ndiyo maana baadhi ya modyuleta zilitengenezwa na kapsuli ya kufidia mwinuko.

#12 GiaNne
Nyongeza kwa Zebaki. TH350 ina modyuleta na ina kebo pia. Kebo ile ni ya kikidauni tu, ya kushusha gia ukikanyaga mpaka chini. Haigusi presha kama ya 700R4. Watu wanaona kebo kwenye kabureta wanadhani zote ni ndugu, wanaanza kukaza ya TH350 wakitegemea gia ziwahi. Hutabadilisha chochote mpaka uguse modyuleta au gavana.

#13 Mchanga Mwekundu
Mleta uzi, ulibadilisha tairi? Tairi kubwa zinachelewesha gia. Gavana inahesabu mizunguko, tairi kubwa inazunguka mara chache kwa kila kilomita, kwa hiyo gavana inaona gari linatambaa.

#14 GiaNne
Hapo kwenye hesabu uko sawa, kwenye dalili hapana. Spidomita ya gari hilo nayo inachukua mizunguko kutoka upande uleule wa giaboksi. Tairi kubwa zitaidanganya gavana na zitaidanganya spidomita kwa kiasi kilekile. Kwenye dashibodi gia itaingia palepale ilipokuwa inaingia zamani, hata kama barabarani gari liko kasi zaidi. Yeye anasema sindano imehama kutoka 40 hadi 60.

#15 Mchanga Mwekundu
Lakini tairi kubwa ni nzito kusukuma, dereva anakanyaga zaidi, gia inachelewa. Hilo nalo utalipinga?

#16 GiaNne
Hilo silipingi. Ila kutoka 40 hadi 60 kwa tairi tu, labda amefunga za trekta.

#17 Tairi_Bapa
Hahaha, tairi ni zilezile. Jina langu lisiwachanganye.

#18 Cheche
Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama injini ina nguvu. Kabureta imebadilishwa, kwa hiyo mchanganyiko wa hewa na mafuta umebadilika. Jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) zikiwa ndogo au pampu ya kuongezea mafuta ikiwa dhaifu, injini inakuwa nzito. Dereva anaongeza mguu bila kujijua, na giaboksi inafuata mguu: umekanyaga sana, gia inachelewa. Inafanya kazi yake vizuri kabisa na ninyi mnataka kuifungua.

Angalia pia taimingi ya moto. Fundi wa kabureta mara nyingi anagusa distribyuta ili apate sailensa nzuri, halafu anaacha taimingi nyuma, moto unachelewa. Na ule mpira mwembamba wa vakyumu wa distribyuta usipochomekwa, injini inalegea kwenye mwendo wa wastani, palepale anapolalamikia.

#19 Bi Spana
Cheche, hoja yako nzuri lakini inagonga ukuta mmoja. Fundi wa pili alipolegeza kebo, gia ziliwahi na mleta uzi hakulalamika kwamba gari halivuti. Injini dhaifu ukiiwahishia gia, inazama.

#20 Cheche
Hakulalamika kwa sababu alifurahia ulaini. Tumuulize mwenyewe.

#21 Tairi_Bapa
Kusema kweli gari lilikuwa zito kidogo kwenye mwinuko hata wakati kebo imelegezwa. Nilidhani ni kwa sababu gia imepanda mapema. Mpira wa distribyuta nimeuona umechomekwa. Taimingi sijapima.

#22 Mzee Kabureta
Hapo nampa Cheche nusu alama. Nusu nyingine nabaki nayo mpaka nione mkono wa kabureta.

#23 Msukuma Valvu
Mimi napendekeza gavana. Mleta uzi, gari lilikaa muda likisubiri kabureta? Gari likisimama sana, oili chakavu inaacha utando kwenye sehemu nyembamba za ndani. Gavana ni valvu ndogo yenye vizito na springi, inateleza kwenye kitundu chake kwa nafasi finyu mno. Ikikwama kidogo, presha yake inapanda taratibu kuliko mwendo wa gari, na gia zote zinachelewa, siyo ya tatu peke yake. Ikikwama kabisa upande wa chini, hutoki namba moja. Ikikwama upande wa juu, unaondoka na gia kubwa.

#24 Tairi_Bapa
Lilikaa, ndiyo. Wiki kadhaa. Na gia zote zinachelewa, ila ya tatu ndiyo inayokera.

#25 Msukuma Valvu
Umesikia mwenyewe.

#26 Bi Spana
Subiri. Kuna jaribio la bure la kutenganisha kebo na gavana. Barabara tambarare, iliyo wazi. Ondoka kawaida, ukifika mahali namba mbili inapolia, ondoa mguu kwenye pedali. Gia ikipanda palepale, presha ya gavana ilikuwepo tayari, ila presha ya kebo ndiyo iliyokuwa inaizuia. Ukiondoa mguu na gia bado inasuasua, nitaungana na wewe kwenye gavana.

#27 Tairi_Bapa
Nimejaribu jioni. Nikiondoa mguu inapanda hapohapo, bila kusita.

#28 Bi Spana
Kebo. Ama mkono wa kabureta kama alivyosema Mzee.

#29 Msukuma Valvu
Hapana, jaribio lako halithibitishi hivyo. Giaboksi yoyote nzima inapanda gia ukiondoa mguu, na yenye gavana dhaifu pia inapanda, kwa sababu umeondoa karibu presha yote ya upande wa pili. Hata gavana iliyopungukiwa nguvu inashinda mpinzani aliyeondoka uwanjani. Ulichothibitisha ni kwamba gavana haijafa. Kwamba ina presha inayotakiwa kwenye kilomita 40, hilo hujalionyesha.

#30 Bi Spana
Sawa, haithibitishi asilimia mia. Lakini gavana ilikuwa nzima kabla ya kabureta kubadilishwa. Huoni tukio limefuatana?

#31 Msukuma Valvu
Gari lilisimama wiki kadhaa katikati ya matukio yako mawili. Huoni hilo nalo limefuatana?

#32 Mpita Njia
Bado nipo.

#33 Klachi Plati
Nyie mnabishana kitu ambacho geji inajibu ndani ya dakika chache. Giaboksi hizi zina matundu ya kupimia presha yenye plagi. Tundu la presha kuu lipo, na Toyota nyingi za gavana zina tundu la presha ya gavana pia. Funga geji kwenye presha kuu. Injini ikiwa ya moto, ipo sailensa, breki zimeshikwa, soma kwenye D na kwenye R. Kisha vuta kebo kwa mkono taratibu bila kugusa kabureta. Presha ipande taratibu pamoja na kebo, isiruke wala isigande. Ukimaliza, linganisha na kitabu cha giaboksi hiyo, siyo cha nyingine. Kwenye presha ya gavana, unasoma kwa mwendo fulani wa gari na unalinganisha vilevile.

Onyo: kipimo cha kukanyaga mafuta mpaka chini huku umeshika breki kisizidi sekunde 5. ATF inapata joto haraka mno. Na asiwepo mtu mbele ya gari.

Onyo la pili: akitokea fundi anataka kufungua valvu bodi (bloku lenye valvu za giaboksi) aongeze au apunguze viduara vidogo vilivyoko nyuma ya valvu ya throtoli (ile inayosukumwa na kebo), mkatalie mpaka awe na vipimo vya geji mkononi. Viduara hivyo vimewekwa kiwandani kwa kila valvu bodi, na hutakiwi kubadilisha idadi yake kwa kubahatisha.

#34 Dereva Mzito
Geji ya nini. Miguu na masikio vinatosha.

#35 Klachi Plati
Ulileta rangi ya oili lakini? Bi Spana anakusubiri tangu #6.

#36 Dereva Mzito
Nyekundu. Karibu nyekundu.

#37 Bi Spana
"Karibu."

#38 Namba Tano
Swali la pembeni kidogo. Mleta uzi una uhakika unahesabu gia sawasawa? Giaboksi hiyo ina lokapu, klachi inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja, kwenye gia ya juu. Inaposhika, mizunguko ya injini inashuka kidogo na mtu anadhani ni gia nyingine imeingia. Niliwahi kumsikia mtu akiapa ana auto ya gia tano kwenye gari la gia nne. Bonyeza kile kitufe cha O/D uzime ovadraivu (gia ya nne), uendeshe, uhesabu upya. Ukihesabu vibaya, unachoita ya tatu inaweza kuwa ya nne, na ya nne kuingia kwenye 60 ni jambo la kawaida.

#39 Tairi_Bapa
Nimezima O/D nikahesabu. Moja, mbili, tatu, basi. Ya tatu ndiyo ile ya 60. Nikiwasha inakuja ya nne juu zaidi, halafu hicho kilokapu nakisikia mbali huko.

#40 Namba Tano
Basi malalamiko yako ni halali. Nilitaka tuanze na hesabu moja.

#41 Kifaru
Wakuu mimi nina A340E, ya kompyuta, lakini nayo ina kebo. Nikikaza kebo gia zinaingia kwa kishindo, nikilegeza zinakuwa laini. Na naona muda nao unabadilika. Hii imekaaje?

#42 GiaNne
Kwenye A340E za mwanzo kebo inagusa presha tu. Muda wa gia unaamuliwa na kompyuta kwa kusoma sensa ya throtoli na sensa ya mwendo, kisha inafungua na kufunga solenoidi (valvu za umeme). Kukaza kebo kunabadilisha ukali wa kushika. Ukitaka muda, angalia kitufe cha PWR, kikiwashwa gia zinachelewa kwa makusudi. Baadaye angalia sensa ya throtoli.

#43 Kifaru
PWR imezimwa. Na muda unabadilika, nimekaa nao.

#44 GiaNne
Gia ikiteleza kabla ya kushika unaona kama imechelewa, ikishika kwa kishindo unaona kama imewahi. Kompyuta imetoa amri muda uleule mara zote mbili.

#45 Kifaru
Labda. Ila sindano ya mizunguko siyo hisia.

#46 Cheche
Kifaru, ulipokaza kebo, kipepeo cha throtoli kilirudi mpaka mwisho pale ulipoachia? Kebo ikikazwa kupita kiasi inaweza kukishikilia wazi kidogo, sensa inasoma mguu ambao haupo, na kompyuta inachelewesha gia kweli. Hapo wewe na GiaNne wote mna haki.

#47 Kifaru
Hiyo sijaangalia. Naenda kuangalia.

#48 Mchanga Mwekundu
Mleta uzi, badilisha oili kwanza kabla ya yote haya.

#49 Dereva Mzito
Usithubutu! Giaboksi ya zamani ukiibadilishia oili inakufa. Uchafu ndio ulioshikilia klachi.

#50 Klachi Plati
Hii hadithi haifi. Klachi iliyobaki inashika kwa sababu ya vumbi lake lililoko kwenye oili ni klachi iliyokwisha tayari, oili mpya imekutangazia msiba tu. Ninachokubali ni kwamba usiifanyie kusukuma kwa mashine giaboksi ambayo haijawahi kuguswa. Mwaga oili ya sampu (bakuli la chini ya giaboksi), safisha chujio, rudisha kiasi ulichomwaga, endesha, rudia baadaye. Na upime ikiwa ya moto, gari tambarare, injini inanguruma, mkono wa gia umepitishwa kwenye gia zote ukarudishwa P. Hivyo ndivyo Toyota inavyopimwa. Ukipima ya baridi utajaza kupita kiasi, itatoka povu, na presha ya povu haishiki kitu.

#51 Msukuma Valvu
Na hapo ndipo gavana yangu inaweza kujisafisha. Sijasema ifunguliwe, nimesema ina utando. Oili mpya, safari ndefu ya mwendo wa juu, halafu tuone kama 60 itashuka.

#52 Mzee Kabureta
Ukibadilisha oili, ukapanga taimingi na ukagusa kebo kwa siku moja, hutajua kilichoponya. Gusa kimoja kimoja. Mleta uzi, kabureta ya zamani unayo bado? Weka picha ya mkono wake na wa hii mpya, zote zikiwa kipepeo kimefungwa, halafu robo wazi. Nataka kuona pini ya kebo imesafiri kiasi gani.

#53 Tairi_Bapa
Ya zamani alibaki nayo fundi, nitamfuata. Taimingi napima kwanza maana taa ya kupimia nimeazima tayari. Kebo naiacha kwenye kipimo cha Mzee kwa sasa.

#54 Cheche
Safi. Soma kitabu chake kama mpira wa vakyumu unachomolewa wakati wa kupima. Ukiuacha umechomekwa pale unapotakiwa kuchomolewa, namba utakayopata siyo yenyewe.

#55 Dizeli Taratibu
Samahani kuingilia. Nina Mercedes W123 dizeli, gia zinaingia kwa kishindo hasa ukiondoka polepole. Kebo ipo, modyuleta ipo, na dizeli haina vakyumu ya manifoldi. Nianzie wapi?

#56 Zebaki
Hatimaye mtu wangu. Dizeli hiyo ina pampu yake ya vakyumu, ileile inayosaidia breki, na juu ya pampu ya kupulizia mafuta kuna valvu inayopunguza vakyumu kadiri unavyokanyaga. Kama giaboksi ni 722.3, usichanganye mambo mawili: kebo inapanga gia iingie lini, modyuleta inapanga ishike kwa ukali gani. Ya kwako ni ukali, kwa hiyo acha kebo kabisa. Fuatilia mipira kutoka kwenye pampu hadi giaboksi, zile konekta za mpira zinapasuka kwa uzee. Hata mfumo wa kufunga milango ukivuja unaweza kula vakyumu hiyo, maana wote wanachota chungu kimoja. Pima ukiwa sailensa, kisha sogeza mkono wa mafuta taratibu. Vakyumu iwe ya juu sailensa na ishuke polepole, isidondoke ghafla. Ikiwa mipira ni mizima na bado inapiga, ndipo uzungushe ufunguo wa T kwenye modyuleta.

#57 GiaNne
Na usishtuke ikiondoka na namba mbili. 722.3 nyingi zinaondoka na ya pili mpaka ukanyage kwa nguvu au uweke mkono wa gia chini. Kuna waliofungua giaboksi wakitafuta namba moja.

#58 Dizeli Taratibu
Sasa ndiyo naelewa kwa nini naona gia tatu tu. Milango nayo haifungi kwa pamoja tangu nilinunue.

#59 Zebaki
Ziba mstari wa milango pale unapochepuka kutoka kwenye bomba kuu, endesha, urudi na jibu.